Saladi Iliyodhaniwa Dawa ya Pamba

Siku mliponiaga mlinipa kanga, halafu mkanipa kipaza sauti. Kanga nilijua kazi yake. Kipaza sauti kilinishinda. Nikasema "Wabeja", asante ya kwetu, mara mbili, nikakaa. Tangu siku hiyo mmekuwa mkiniuliza, vijana wangu wa jikoni, kazi hii ya kufungasha saladi za mchana ilianzaje hapa Bariadi, kwenye watu wenye ng'ombe zao. Basi nimekaa kuandika. Vyeo sitavitaja maana havikuwa vingi. Mshahara nao tuuache upumzike, ulichoka kuliko mimi.

Nilianza katika kantini ya kiwanda cha kuchambua pamba, wakati kiwanda kikiwa bado cha ushirika na sabuni ikiwa kitu cha kuombana kwa majirani. Mpishi mkuu alikuwa Mzee Petro, mtu wa Maswa, aliyewapikia mapadre miaka mingi mpaka na yeye akawa anatembea kama padre, mikono nyuma na shingo imeinama kidogo. Nilifika nimevaa gauni la kanisani. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinionyesha karai la maji.

"Nawa," akasema.

Nikanawa.

"Nawa tena."

Nikanawa tena. Aliponiambia nirudie, nikaanza kudhani ni ubatizo.

"Binti, wewe ni Mkatoliki?" akaniuliza huku akizikagua kucha zangu.

"Hapana mzee, Mprotestanti."

"Haidhuru. Uchafu wa kucha hauna dhehebu."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Chakula chetu kilikuwa ugali na maharage, na ugali na dagaa siku maharage yakichelewa. Mboga mbichi ilikuwa kachumbari ya wageni tu, wakija wakubwa kutoka Shinyanga. Lakini hiyo kachumbari Mzee Petro aliisimamia kama misa. Kisu alikinoa kila asubuhi kwenye jiwe, akasema kisu butu hakikati mboga, kinainyanyasa, na mboga iliyonyanyaswa inalia maji. Kitunguu alikisugua kwa chumvi, akakisuuza mpaka ukali uishe. Nyanya aliitoa mbegu. Nilimwona anapoteza muda. Jiko lenyewe lilikuwa la kuni, na siku kuni zikikosekana tulichoma maganda ya mbegu za pamba, yanayotoa moshi wa kukaanga macho. Macho yangu yakawa mekundu mwaka wa kwanza na hayajawahi kurudi. Kumbukeni hilo, maana karibu liniponze.

Kisha likaja soko huria. Ninyi mmezaliwa mmelikuta, hamwezi kujua lilivyotuchanganya. Tangu niwe na akili, pamba ya mkulima ilikuwa na mnunuzi mmoja tu. Ghafla wakaja wanunuzi wengi, kila mmoja na mizani yake na turubai lake, wanamwita mkulima "mzee wangu" hata kama ni kijana. Mimi lakini soko huria nililielewa siku nilipoona dukani bakuli la plastiki lenye mfuniko unaobana. Nilisimama nikalifungua na kulifunga mpaka mwenye duka akaniuliza kama nanunua au nafanya mazoezi.

Kiwanda kikapata mwenyewe mpya. Mzee Petro akarudi kwao Maswa kupumzika, nami nikabaki na jiko. Meneja aliyeletwa aliitwa Bwana Msofe, kutoka Dar es Salaam, mtu mnene, mpole, mwepesi wa jasho. Wiki ile ile aliyofika aliniita ofisini akafunga mlango.

"Mama Kabula," akasema kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba, "daktari amenikataza nyama mchana. Na chumvi. Amesema nile mboga mbichi."

"Pole sana, bosi."

"Asante. Sasa mimi mchana siko hapa, niko kwenye vituo vya kununulia pamba. Utanifungia asubuhi, niende nayo."

Habari ilienea kiwandani kabla sijafika jikoni. Wafanyakazi walimhurumia kweli. Sisi Wasukuma majani tunayala, lakini kwanza tunayakausha mpaka yasahau kwamba yalikuwa majani. Ndiyo nsansa hiyo. Mabichi ni ya mbuzi. Masanja, dereva wa meneja, alitikisa kichwa akasema, "Mtu ana gari, ana ofisi, halafu anakula majani. Elimu nayo ina mwisho wake."

Meneja alileta mbegu za saladi kutoka Mwanza. Nikampelekea Mama Minza, jirani yangu kule Somanda, aliyekuwa na bustani bondeni karibu na kisima. Mama Minza alikuwa na mkono wa kuotesha hata jiwe. Majani yalipotoka aliyatazama kwa mashaka.

"Haya ni matembele yaliyougua," akasema.

"Ndivyo yalivyo. Onja."

"Mimi nauza tu, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma.

Saladi yangu ya kwanza ilikuwa aibu. Niliikatakata asubuhi, nikaichanganya yote na limau, mafuta na chumvi, nikafunga bakuli kwa fahari. Saa saba mchana, kwenye joto la gari, Bwana Msofe alifungua akakuta supu baridi ya rangi ya kinamasi. Aliinywa, maana alikuwa mtu wa adabu. Ya pili ikawa vile vile. Ya tatu Masanja alinirudishia bakuli akaniambia, "Dada Kabula, leo bosi amenyamaza njia nzima. Mtu akinyamaza hivyo anafikiria kuajiri mpishi mwingine."

Nilipata hofu. Nilikuwa mjane mwenye watoto shuleni, na kantini ilikuwa imebaki kwa uzi: tayari kulikuwa na maneno kwamba wafanyakazi wanunue chakula kwa mamantilie na jiko lifungwe. Jumapili nikapanda basi kwenda Maswa kumwona Mzee Petro. Nilimkuta amekaa barazani anachambua kunde. Nilipomaliza kueleza, alicheka mpaka akakohoa.

"Umeyavalisha nguo za harusi alfajiri, halafu unashangaa mchana yamelala? Limau na chumvi ni vya mwisho, binti."

"Lakini nitamwekea wapi? Hawezi kubeba chupa za limau vituoni."

"Chini kabisa. Halafu weka visivyoogopa maji."

Akanipangia pale pale kwenye kikombe, kwa kutumia kunde. Chini, limau na mafuta kidogo. Juu yake kitunguu na karoti, vyenyewe ni vigumu, limau linavilainisha tu. Kisha kunde zilizochemshwa, ili mtu ashibe. Kisha tango na pilipili hoho. Majani juu kabisa, mbali na maji, yakiwa yamekaushwa kwa kitambaa safi mpaka yakigusana yanalia kwaru kwaru. Nyanya ndogo ziwekwe nzima, zisikatwe. Wakati wa kula, mtu anageuza bakuli juu chini, anatikisa, limau linashuka na kupita kote. Maji ya kuoshea yachemshwe na kupozwa. Na bakuli lifungwe kwenye gunia lililoloweshwa, lining'inizwe mahali penye upepo.

Hayo yote mnayafanya mpaka leo, ingawa ninyi mna friji na mnalalamika umeme ukikatika. Mimi nilining'iniza bakuli kwenye dirisha la Landrover.

Siku hiyo ya Jumatatu meneja alikwenda kituo kimoja njia ya Dutwa. Foleni ya wakulima ilikuwa ndefu, na mizani yetu ilikuwa upande mmoja wa uwanja, mizani ya mnunuzi mwingine upande wa pili. Huyo mwingine aliwakilishwa na kijana mmoja mtanashati aliyeitwa Limbu, mwenye shati jeupe lisilojua vumbi na maneno matamu kama asali ya porini. Wakulima wengi walikuwa kwake. Ilipofika mchana, Bwana Msofe alishuka garini na kitu kilichofungwa gunia bichi, akalifungua taratibu, akatoa bakuli. Akasimama mbele ya mizani. Akaligeuza juu chini. Akalitikisa kwa nguvu, macho ameyafumba, kwa sababu jua lilikuwa linampiga. Kisha akafungua, akaanza kutafuna majani mabichi peke yake, kimya, bila kumkaribisha mtu.

Kabla hajamaliza, kamba ya mizani ya Limbu ikakatika.

Mimi sikuwapo, nilisimuliwa na Masanja. Anasema watu waliangalia kamba, wakaangalia bakuli. Halafu wakulima, mmoja mmoja, wakaanza kuvuta marobota yao kuja upande wetu. Mzee mmoja alimsogelea Masanja akamwuliza kwa sauti ya chini, "Ile ni nini, baba?"

Masanja alikuwa na njaa na hakupenda maswali. "Mambo ya wakubwa hayo," akajibu. "Kuna mama mmoja jikoni ndiye anayemtengenezea."

Hakuongeza neno. Hakuhitaji. Watu waliongeza yaliyobaki wenyewe.

Siku chache baadaye, alasiri, Limbu alikuja nyumbani kwangu Somanda. Amekuja kwa miguu, pikipiki ameiacha mbali, na kwapani ana jogoo.

"Mwadila, mayu," akanisalimu, ameinama kuliko ilivyohitajika.

"Mwadila, baba. Karibu."

Akakaa, akatazama huku na huku. "Nimekuja kwa ile ya bakuli."

Nilifurahi sana. Niliwaza, kumbe afya inapendwa hata na vijana! "Na wewe umekatazwa nyama?"

Akashtuka. "Kwani lazima niache nyama?"

"Si lazima. Mchana tu ingefaa."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekariri. "Na masharti mengine?"

"Masharti yapo," nikamwambia, maana kwa suala hilo sikupenda mzaha. "Usitie chumvi mapema. Majani yasigusane na limau mpaka wakati wenyewe. Anayetayarisha anawe vizuri. Na uimalize siku hiyo hiyo, usilaze."

"Ikilala?"

"Ikilala itakusumbua tumbo."

Niliona ametoka jasho. "Na mwanamke anaweza kuigusa?"

"Mwanangu, unadhani imeguswa na nani? Mimi ni mwanamke."

"Wewe ni mwingine," akasema kwa heshima kubwa, akiyaangalia macho yangu.

Hapo ningepaswa kuelewa, lakini sikuelewa. Nilidhani ananisifu upishi. Kesho yake asubuhi alipitia kiwandani kwa nyuma nikampa bakuli. Nikamsisitizia, "Ukiligeuza, shikilia mfuniko." Jogoo tulimla Jumapili.

Mfuniko hakuushikilia. Alisimama mbele ya mizani yake, wakulima wakimtazama, akainua bakuli juu ya kichwa, maana alitaka kumzidi meneja wetu, akaligeuza na kulitikisa kama njuga. Mfuniko ukaruka. Limau likamwingia machoni, kitunguu kikamkaa begani, jani moja likamganda kwenye paji la uso, na shati jeupe likapata ramani. Akapiga kelele kwamba amepofuka. Wakulima wakakimbia, na wengine, nasikia, walikimbia na pamba yao, jambo linaloonyesha akili zao zilikuwa timamu.

Nimecheka sana kwa habari hiyo tangu hapo. Wakati ule sikucheka. Limbu alipooshwa macho alitangaza kituo kizima kwamba yule mwanamke wa kiwandani amemtupia kitu kibaya, na kwamba alimwona kwa macho yake: mjane, anakaa peke yake na watoto, macho mekundu. Wale wa huku kwetu wanajua maneno hayo matatu yakiwekwa pamoja yanaweza kumfanya nini mwanamke. Sitaandika zaidi ya hapo. Kisimani watu walianza kunipisha kabla sijafika. Salamu zikawa fupi. Nilipokwenda kwa Mama Minza kuchukua majani, alisimama mlangoni hakunikaribisha.

"Mayu, leo hakuna."

"Nayaona yale pale, Mama Minza."

Akaangalia chini. "Na mimi nina watoto, Kabula. Watasema nakuoteshea dawa."

Nilirudi mikono mitupu. Kiwandani Bwana Msofe aliniita tena, akafunga mlango tena.

"Tuache hii saladi," akasema. "Nitakula wali."

"Bosi, tukiacha sasa watasema ni kweli."

"Sasa ufanye nini?"

"Unipeleke kituoni. Mimi na ubao wangu."

Akafuta jasho. Alikuwa mtu wa kupenda amani, na watu wa kupenda amani hukubali haraka ukiwakazia macho, hasa yakiwa mekundu. Nikanunua kabichi, karoti na matango kwenye lori lililotoka Mwanza, nikachukua meza ya kantini, sufuria la maji yaliyochemshwa, ubao, kisu na karai. Masanja aliendesha gari. Tulipokaribia akasema, "Dada Kabula, mdomo wangu ndio ulioanza." Nikamwambia basi mdomo huo leo utafanya kazi ya kula.

Nikaweka meza katikati ya mizani mbili. Watu walisimama mbali, wakafanya duara kubwa kama la kutazama nyoka. Mikono ilijua kazi yake. Nikanawa mbele yao. Nikanawa tena. Nikainua kila kitu kabla sijakikata, nikakitaja kwa Kisukuma na Kiswahili, na kile kisicho na jina la Kisukuma nikakiita jina lake la dukani. Kitunguu. Karoti. Limau. Sauti yangu ilitetemeka mpaka kwenye tango, kisha ikakaa.

Mwanamke mmoja mkulima, mtu mzima mwenye robota lake kichwani, ndiye aliyesogea kwanza. Anaitwa Holo. Alichungulia bakuli.

"Hii si kachumbari?"

"Ni kachumbari, mayu. Imewekwa majani tu."

"Nyama yake iko wapi?"

"Haina nyama."

Akageukia duara. "Haina nyama!" akatangaza, kana kwamba huo ndio uchawi wenyewe. Watu wakacheka kidogo, wakaacha.

Masanja akala. Meneja akala. Hao hawakuhesabiwa, walikuwa wa upande wangu. Ndipo nikamwita Limbu kwa jina. Alikuwa amesimama nyuma ya mizani yake na shati jipya.

"Njoo baba. Wewe ndiye uliyesema."

Hakutaka. Lakini watu wote walikuwa wamemgeukia, na mnunuzi wa pamba anayeogopa kitunguu mbele ya wakulima, kesho atanunua nini? Akaja kama mtu anayepelekwa kwa mchoma sindano. Nikafunga bakuli, nikaushika mfuniko kwa viganja viwili, nikaligeuza, nikatikisa, nikamfungulia. Akachukua kidogo kwa ncha ya kijiko. Akatafuna. Uwanja mzima ulisikia anavyotafuna, maana kabichi haina siri. Akameza. Tukamngoja. Yeye mwenyewe alikuwa anajingoja.

"Vipi?" akauliza Holo.

Limbu akalamba midomo, akafikiri.

"Chumvi imepungua," akasema.

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile. Holo alitua robota chini akalikalia ili acheke vizuri. Wakaja mezani wote, vijiko havikutosha, wakala kwa mikono waliyoinawa, maana hapo sikulegeza. Wengine walisema ni tamu, wengine wakasema ni chakula cha kula ukisubiri chakula. Limbu alirudia mara mbili. Alipoondoka alisimama pembeni yangu akasema kwa sauti ya chini, "Mayu, nilikosea," nami nikamjibu ningependa neno hilo alisemee pale pale alipolisemea la kwanza. Akapanda juu ya robota akalisema. Haikuwa rahisi kwake, na kwa hilo nilimheshimu.

Msimu ule wanunuzi wengine wakaanza kuagiza, kwa kuwa kutwa nzima juani tumbo likiwa na ugali wa baridi ni adhabu. Nikapata mabakuli mengi, kantini ikapona. Bwana Msofe alipungua, akapongezwa na daktari wake. Masanja alinieleza baadaye kwamba wakati wa kurudi jioni walikuwa wakisimama kwenye nyama ya kuchoma, kwa sababu daktari alitaja mchana tu.

Lakini Mama Minza hakuja. Nilitumia kabichi za lori msimu mzima, ngumu, zinazochosha kisu. Tulipokutana njiani tulisalimiana kama wageni wa basi moja. Nilikasirika, kisha nikachoka kukasirika, kisha nikabaki na huzuni tu, kwa kuwa alikuwa jirani mzuri na hofu yake niliielewa. Mimi ningekuwa yeye, sijui ningefanya nini.

Mvua zilipoanza, asubuhi moja nikamkuta mlangoni pa jiko la kiwanda na beseni kichwani. Majani yamejaa, bado yana umande.

"Mwangaluka, Kabula."

"Mwangaluka, Mama Minza."

Akatua beseni. Nikaona mbegu zile hazikuwahi kukatika. Alikuwa akiyang'oa yaliyozeeka na kuotesha mapya siku zote zile, bila mnunuzi.

"Uliyamwagilia ya nini?" nikamwuliza.

"Yangekauka."

Nikamvutia kigoda. Nikachemsha maji, nikayapoza, nikaosha majani yake, nikayakausha kwa kitambaa, nikampangia bakuli mbele yake: limau, kitunguu, karoti, kunde, tango, majani juu. Nikamfundisha kuligeuza. Akala kwanza kwa woga, kisha kwa udadisi, kisha akala tu, mpaka akakwangua chini ya bakuli kwa kijiko. Akafuta mdomo kwa kanga. Akaliangalia beseni lake kwa macho mapya kabisa.

"Kumbe ndivyo yalivyo?"

"Ndivyo yalivyo."

Akasimama, akajifunga kanga vizuri, akavaa uso wa biashara.

"Basi kesho bei inapanda," akasema. "Si mnasema soko huria?"